Barua ya wazi kwa madiwani wetu: nyumba za kijiji cha mlimani zibaki makazi ya watu

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
na Wakuu wa Idara za Mipango na Makazi,
Halmashauri ya Kaunti yetu,
Kaskazini mwa Wales.

YAH: BEI ZA NYUMBA NA KUPUNGUA KWA WAKAZI KIJIJINI KWETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Tulianza kwa diwani wetu, tukaenda kwenye baraza la kijiji, tukaiandikia idara ya mipango, kisha idara ya makazi. Tulichopata ni ujumbe wa kompyuta kwamba barua imefika, na baadaye barua fupi inayosema suala letu limezingatiwa. Limezingatiwa na nani, katika kikao gani, na uamuzi ukawa nini, hatujaambiwa mpaka leo.

Nakala za Kiingereza na Kiwelshi mnazo. Hii ya Kiswahili naitoa kwa ajili ya wenzangu. Mimi nimezaliwa Tanga na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Tupo wengi kutoka Afrika Mashariki tunaofanya kazi hii huku Wales, tunaopanda vilima hivi alfajiri na usiku, na tunayoyaona ndani ya nyumba hayafiki ofisini kwenu. Ni haki wenzetu nao wajue watu tunaowahudumia wanaishi katika hali gani.

Kwa asiyepajua: kijiji chetu kimekaa ubavuni mwa mlima. Nyumba ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, zimepangwa safu juu ya safu kufuata mteremko, na mapaa yake ni ya sleti iliyochimbwa hukuhuku. Zilijengwa karne ya 19 kwa ajili ya wachimba mawe na familia zao. Machimbo yalipofungwa, watu hawakuondoka. Walikwenda kufanya kazi shuleni, hospitalini, mashambani na barabarani, jioni wakarudi kulala hapahapa. Hao ndio wanaoondoka sasa, na hawaondoki kwa kupenda: nyumba zinageuzwa kuwa za likizo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Anayefanya kazi hapa hawezi kununua nyumba hapa.

Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtu mzima kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa. Kwa kiwango hicho, anayefanya saa 37 na nusu kwa wiki, mwaka mzima, hupata kama pauni 23,800 kabla ya makato. Benki kwa kawaida humkopesha mtu hadi mara nne na nusu ya mshahara wake, kwa hiyo huyu anaishia kwenye pauni 107,000 hivi. Bei ya wastani ya nyumba Wales imeshapita pauni 200,000. Mke na mume wakiunganisha mishahara wanaweza kuikaribia, lakini kwanza watafute kianzio cha asilimia 10, yaani pauni 20,000, na wakati huohuo wanalipa kodi ya pango.

Wakishafika hapo, kuna kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye takwimu zenu. Nyumba kuukuu ya mawe yenye unyevu ukutani au paa linalohitaji kuezekwa upya, benki nyingi husita kuitolea mkopo. Anayekuja na fedha taslimu hana haja ya benki. Dalali naye anamwambia muuzaji ukweli, kwamba wa taslimu atamaliza ndani ya wiki chache na wa mkopo anaweza kukwama miezi. Mimi simlaumu muuzaji. Ni mtoto wa mzee aliyefariki, yuko mbali, ana kaka na dada wa kugawana nao. Ninachosema ni kwamba mpangilio mzima umempa kisogo kijana wa hapa, hata pale anapofikisha bei.

2. Wapangaji wanahamishwa na hakuna pa kuhamia.

Sheria ya nyumba za kupanga ya Wales, iliyoanza kutumika 1 Desemba 2022, inampa mpangaji asiye na kosa notisi ya miezi sita. Ni sheria ya kibinadamu na tunaishukuru. Lakini miezi sita inasaidia pale penye nyumba nyingine. Jirani zangu, yeye fundi wa mabomba na mkewe msaidizi wa mwalimu, walipata notisi hiyo. Walitafuta kijijini wakakosa, wakatafuta kijiji cha chini wakakosa, wakaishia mji wa pwani. Watoto walibadilishiwa shule katikati ya mwaka. Nyumba waliyotoka ilipakwa rangi, ikapigwa picha, na kabla ya majira ya joto kuisha ilikuwa inapangishwa kwa usiku mmoja mmoja.

3. Wazee wanabaki bila mtu wa karibu.

Hapa naomba mniwie radhi nikikaa kwa muda, maana ndipo ninapopajua.

Mkija kijijini, tazameni kando ya milango. Mtaona kisanduku cha chuma chenye vitufe vya namba, ukubwa wa kiganja, na ndani yake mna ufunguo. Nilipoanza kazi hii, kisanduku hicho kilimaanisha jambo moja: ndani yumo mzee asiyeweza kuja kufungua. Nabonyeza namba, natoa ufunguo, naingia, nasalimia kwa Kiwelshi nilichojifunza kwa wazee haohao. Siku hizi visanduku vimejaa safu nzima, na vingi ni vya wageni wa siku mbili tatu. Majira ya baridi saa kumi jioni giza limeshaingia, na nyumba zote zimefanana. Mhudumu mpya anapita na tochi mlango hadi mlango, akitafuta ni upi kati ya hiyo una bibi anayesubiri dawa yake.

Kwetu Tanga mjumbe wa nyumba kumi anajua kila mlango analala nani. Katika safu yetu, nyumba kumi za kwanza ukitokea kwenye kanisa la zamani, zenye mtu usiku wa Januari ni nne, na katika hizo nne, tatu wanaishi wazee peke yao. Akianguka mmoja wao saa nane za usiku, akagonga ukuta kama walivyozoea kuitana zamani, upande wa pili hakuna anayesikia.

Na sisi wahudumu tunaishi wapi? Wengi wetu tumeshindwa kupanga huku juu, tunaishi bondeni na kupanda kwa gari. Theluji ikianguka, au barabara ikiganda barafu, gari halipandi. Mhudumu anayeishi kijijini huvaa buti akatembea. Asiyeishi kijijini hupiga simu kuomba radhi. Mzee aliyetakiwa kuamshwa saa moja anabaki kitandani hadi barabara imwagwe chumvi. Mnapojadili upungufu wa wahudumu vijijini, naomba mlijadili na suala la nyumba katika kikao hichohicho, kwa sababu huku mlimani ni tatizo moja.

Hali ni hiyohiyo kwa zimamoto. Vituo vingi vya vijijini Wales vinategemea wazima moto wa kuitwa, watu wenye kazi zao nyingine ambao wanatakiwa kufika kituoni ndani ya dakika chache kengele ikilia. Aliyehamia maili kumi na tano hawezi kuwa mmoja wao, hata awe na moyo kiasi gani.

4. Nyumba isiyo na mtu inaiumiza yenye mtu.

Nyumba zetu zinashirikiana kuta. Nyumba ya katikati ikikaa bila kuwashwa joto kuanzia Novemba hadi Pasaka, ukuta wa jirani unapoa, unyevu unapenya, na ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Mwenye pensheni analazimika kuwasha joto muda mrefu zaidi ili kupambana na baridi inayotoka nyumba isiyokuwa yake. Bomba likipasuka kwa barafu katika nyumba iliyofungwa, maji humwagika siku kadhaa kabla ya mtu kujua, na anayejua kwanza ni jirani anapoona dari lake limelowa. Hili tumewaandikia pamoja na picha.

5. Shule na lugha.

Mnayajua haya kuliko mimi, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Abersoch, kijiji cha pwani kinachojulikana kwa nyumba za likizo, shule yake ya msingi ilifungwa Desemba 2021 baada ya wanafunzi kubaki wachache mno. Shule yetu bado ipo, lakini madarasa yameunganishwa, na kila familia inayohama huondoka na watoto wawili watatu.

Sensa ya 2021 iliwakuta wasemaji wa Kiwelshi 538,000, sawa na asilimia 17.8 ya wakazi wa Wales wenye umri wa miaka mitatu na kuendelea. Mwaka 2011 walikuwa kama 562,000, asilimia 19. Serikali ya Wales imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Vijiji kama chetu ndiko lugha hii inakotumika kununua maziwa, kugombana na kutaniana, na hata mgeni kama mimi nikaipata bila kukaa darasani. Walimu wangu walikuwa majirani. Wakiondoka hao, sijui lengo la 2050 litafikiwa kupitia nani.

Sasa nije kwenye majibu tunayoyatarajia, maana mengine tumeshayasikia.

Mtasema utalii ndio uchumi wa eneo hili. Ni kweli, na hatuupingi. Wageni wanaolala hotelini, kambini, au kwenye chumba cha mwenyeji anayeishi hapohapo tunawapenda na tunawahudumia. Lakini hata utalii unahitaji mpishi, mfagizi na dereva, na hao nao lazima walale mahali. Mgahawa wetu ulipunguza siku za kufungua wakati wateja wapo tele, kwa sababu ulikosa wafanyakazi.

Mtasema hamna mamlaka juu ya mali ya mtu. Mamlaka mmepewa. Oktoba 2022 Serikali ya Wales iligawa matumizi ya nyumba katika mafungu matatu: makazi ya kudumu, nyumba ya pili (ya mtu ambaye makazi yake ya kudumu yako kwingine), na nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi. Halmashauri ikitoa agizo la Kifungu cha 4 cha kanuni za mipango, mtu anayetaka kuitoa nyumba kwenye makazi ya kudumu na kuipeleka kwenye mafungu hayo mengine anaweza kutakiwa kuomba kwanza kibali cha kubadilisha matumizi. Wenzenu wa halmashauri ya Gwynedd walianza 1 Septemba 2024. Mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri ikafuata 1 Juni 2025. Agizo halimnyang'anyi mtu nyumba yake, wala haligusi nyumba ambazo tayari zilikuwa za likizo. Linachodai ni kwamba kabla makazi mengine hayajapotea, mtu aombe, na ninyi mpime hali ya kijiji kabla ya kukubali au kukataa.

Mtasema Gwynedd walipelekwa mahakamani. Tunajua. Somo tunalolipata hapo ni kwamba ripoti inayowekwa mbele ya madiwani iandaliwe kwa uangalifu mkubwa, na ieleze kwa usahihi agizo linafanya nini na lisichofanya. Halmashauri inayokuja nyuma ina nafasi ya kujifunza kwa aliyetangulia. Kuhusu fidia ambayo wenye nyumba wanaweza kuidai halmashauri, Gwynedd walitangaza nia yao mwaka 2023 na kusubiri zaidi ya miezi 12 kabla ya kulianzisha, ili kuepuka madai hayo. Na ninyi mnaweza.

Mtasema kaunti yetu si kama Gwynedd. Kwa jumla huenda si kama Gwynedd. Lakini wastani wa kaunti nzima unaficha vijiji. Ripoti ya Dk. Simon Brooks ya Machi 2021 kuhusu nyumba za pili Wales ilieleza wazi kwamba tatizo hili haliko sawa kila mahali na kwamba sera lazima zitofautiane kwa maeneo. Agizo linaweza kuwekwa kwenye kata chache tu. Anzeni na zilizoumia.

Mtasema mmeshapandisha kodi ya halmashauri kwa nyumba za pili. Tunakubali, na tunashukuru. Tangu Aprili 2023 sheria inawaruhusu kuongeza hadi asilimia 300. Lakini fedha hizo zinakwenda wapi? Gwynedd walizielekeza kwenye mpango wao wa makazi na wakautangaza. Sisi tumeuliza, hatujajibiwa. Tena wapo wanaoihamisha nyumba kutoka kodi ya halmashauri kwenda kodi ya biashara, ili kukwepa nyongeza hiyo. Aprili 2023 masharti ya hilo yalikazwa: nyumba ipangishwe kweli siku 182 kwa mwaka na iwe wazi kwa wageni siku 252. Tunaomba mhakikishe masharti hayo yanakaguliwa, kwa sababu sisi majirani tunaona taa zinawaka siku ngapi.

Kuna jibu moja ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Ni la mzee ambaye nyumba yake ndiyo akiba yake pekee, anayeogopa kwamba masharti yatashusha bei na kuwapunguzia watoto wake urithi. Wazee wa namna hiyo ninawahudumia na nimewasikiliza. Hofu yao ni ya kweli na lazima ijibiwe kwa takwimu, mbele yao, kwa heshima. Lakini ninachosikia kwa wengi wao nikikaa nao jioni ni kwamba wangependa kuona mjukuu wao ananunua nyumba ya tatu kutoka kwao, na mjukuu huyo hawezi.

Na mtu asisome barua hii kama vita dhidi ya wageni. Mimi mwenyewe nimetoka mbali. Kijiji kilinipokea, kikanifundisha lugha, kikaniletea supu nilipougua. Aliyetoka Manchester au Warszawa akaja kuishi, akapeleka watoto shule yetu, huyo ni jirani. Tunachozungumzia ni matumizi ya nyumba. Hatuzungumzii asili ya mtu. Wapo hapa wanaokumbuka miaka iliyoanza 1979, nyumba za likizo zilipokuwa zikichomwa moto usiku. Hakuna anayetaka hayo yarudi. Ndiyo maana tunawasihi hasira hii mwitafutie njia ya kisheria ilhali bado watu wanaandika barua.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo:

(a) Mfanye hesabu ya nyumba kata kwa kata, ngapi zinakaliwa mwaka mzima, ngapi ni za pili, ngapi za kupangisha kwa muda mfupi, ngapi tupu, na hesabu hiyo mwichapishe.

(b) Kwa kata ambazo hesabu itaonyesha zimeathirika, mwanze mchakato wa agizo la Kifungu cha 4, pamoja na maoni ya wananchi, na mtaje tarehe ya kuanza.

(c) Mapato ya nyongeza ya kodi kwenye nyumba za pili yawekwe kwenye fungu lake, yatumike kwa makazi, na taarifa itolewe kila mwaka. Hili linaweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Aprili.

(d) Januari 2023 Serikali ya Wales ilitangaza pauni milioni 50 za kurudisha nyumba tupu kwenye makazi, kwa ruzuku ya hadi pauni 25,000 kwa nyumba. Tuelezeni ni nyumba ngapi za kaunti yetu zilinufaika, na kama hakuna, kwa nini. Kijijini zipo zilizofungwa miaka, na mafundi wa kuzitengeneza wapo.

(e) Nyumba zozote mpya zitakazoruhusiwa huku mlimani ziwe na sharti la kukaliwa na wakazi wa kudumu, liandikwe kwenye kibali chenyewe. Kujenga kwenye mteremko ni ghali. Tusijenge kwa gharama hiyo kisha nyumba zikaenda njia ileile.

(f) Mje kijijini. Msitume mwakilishi mmoja na karatasi za kujaza. Mje madiwani wa kamati ya mipango na wakuu wa idara mbili, mkae na watu, mjibu maswali.

Ukumbi wa kijiji ni mali ya wanakijiji na tumeshakubaliana utakuwa wazi jioni yoyote mtakayoichagua. Tunaomba tarehe hiyo kwa maandishi, kabla ya kikao chenu cha kupitisha bajeti. Wazee wasioweza kutembea tutawaleta sisi.

Wenu katika utumishi,

Mhudumu wa wazee na mkazi wa kijiji,
kwa niaba ya majirani walioweka sahihi kwenye nakala ya awali.

Nakala:
Mwakilishi wetu katika Senedd (Bunge la Wales), Cardiff
Mwenyekiti, Baraza la Kijiji
Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi ya Kijiji